Dakika Thelathini na Moja

Jumamosi, 1 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na mimi nimeanza daftari hili. Lilikuwa la vipimo vya wateja. Kurasa za nyuma zimebaki tupu, na mwandiko wangu ni mzuri mno kuishia kwenye viuno vya watu. Nimesoma hadi darasa la saba tu, lakini mwalimu wetu alikuwa akilichukua daftari langu kwenda kuwaonyesha wakubwa, waone haya.

Paa la duka la binti yangu linavuja. Binti yangu ni fundi wa redio na spika, na sisemi hivi kwa kuwa nimemzaa: ukiondoa mikono yake, mtaa huu wote ungekuwa bubu. Alipokuwa na miaka sita aliifungua redio ya baba yake, akaifunga, ikaongea vizuri kuliko mwanzo, na skrubu tatu zilibaki kiganjani. Watu wanamwita Fundi, na mimi wananiita Mama Fundi, ingawa mwenyewe nina miaka thelathini kwenye cherehani. Sijali. Jina hilo linanikaa.

Sasa mvua imemhamishia kwangu. Spika mbili kubwa kama makabati na rundo la santuri zimepangwa kwenye chumba changu cha kushonea, kati ya meza ya kukatia na pasi. Na vyombo vimekuja na wenyewe. Kila Jumamosi saa tisa alasiri wanakutana watu watatu kusikiliza muziki. Nilidhani watacheza. Hakucheza mtu. Walikaa kama wanaosubiri majibu ya hospitali, wimbo mmoja ukapigwa dakika ishirini na tatu, na hakuna aliyepumua kwa sauti. Ulipoisha ndipo wakaanza kugombana.

Jumapili, 2 Machi

Kola nne. Mvua.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimewasikiliza vizuri, kwa hiyo niwaeleze.

Binti yangu anapenda roki ya progresivu. Ni muziki wa magitaa ya umeme na kinanda, lakini umepangwa kama nyumba ya tajiri: una baraza, una ukumbi, una ngazi, una vyumba ambavyo hakuna anayelala. Wimbo anaoupenda kuliko yote una sehemu sita, na sehemu ya tatu inahesabiwa saba saba badala ya nne nne. Alinionyesha kwa vidole. Akili ya namna hiyo haiokotwi njiani.

Daktari wa meno anapenda fyusheni, yaani jazi iliyotiwa umeme. Saksafoni na kinanda vinafukuzana mpaka unataka kuvifungulia mlango. Yeye ana sauti ya chini, mikono safi, na viatu vinavyong'aa hata kwenye tope. Nimempima kwa macho. Suti ya harusi ingemkaa bila kupunguzwa popote.

Wa tatu ni Mwokaji. Anaoka mikate pale kona, ni rafiki wa binti yangu tangu darasa la kwanza, na huja na unga kwenye viwiko akauacha kwenye vitambaa vyangu. Anapenda bendi za kujamu, zile zinazopanda jukwaani bila kujua wimbo utaishia wapi. Ana wimbo mmoja uliorekodiwa katika maonyesho arobaini. Wimbo uleule. Nikamuuliza, "Mwanangu, ukiwa na gauni moja mara arobaini, si una gauni moja?"

Akasema, "Mama, mkate naoka kila siku kwa unga uleule. Mbona wa jana si wa leo?"

"Wako wote ni wa jana," binti yangu akamwambia.

Wana sheria mbili, wamezibandika juu ya kioo cha wateja wangu. Hakuna kuongea wimbo unapopigwa. Hakuna kukata wimbo. Atakayevunja ataosha vikombe.

"Wimbo wako, Fundi, una kila kitu," Mwokaji alisema leo. "Una upepo, una kengele, una kwaya. Umekosa ratiba ya mabasi tu."

"Na wako hauna mlango wala dirisha. Wanapotea humo dakika kumi, wakirudi mnawapigia makofi."

"Kurudi ndiko kwenyewe."

"Hayo yote," akasema Daktari wa meno, "yangeweza kusemwa kwa dakika mbili na mpiga besi mzuri."

"Wewe nyamaza," binti yangu akamjibu. "Watu wako wanapiga kama wamekalia siafu."

Nilicheka mpaka nikashona mkono wa shati kwenye mfuko.

Jumatano, 12 Machi

Mwokaji ameniletea mkate na flashi yenye zile nyimbo zake arobaini. Eti nisikilize nikishona, halafu nimwambie. Nimeitia kwenye kopo la vifungo. Sina muda wa kusikiliza gauni moja mara arobaini.

Jumamosi, 15 Machi

Daktari wa meno ana mke. Alikuja kumchukua na mwavuli. Mwanamke mpole, mzuri tu. Basi.

Jumanne, 18 Machi

Sare za shule zimefika, themanini. Chumba kilikuwa kimya mno, nikaitoa ile flashi.

Niandike ukweli, hapa hasomi mtu. Mguu wangu uliushika wimbo kabla mimi sijaushika. Nilikuwa nakanyaga cherehani, nikagundua nakanyaga nao, wakienda mbali naenda, wakirudi narudi. Nimemaliza sketi kumi na moja bila kuinua kichwa. Wimbo wa pili ulikuwa uleule na haukuwa uleule. Huu ulikuwa na haraka, kama umesahau kitu jikoni.

Sitamwambia binti yangu.

Jumamosi, 22 Machi

Kituo cha redio cha mjini kilimwita binti yangu kutengeneza mitambo, na wakati anatengeneza alikuwa akieleza, na mkuu wa vipindi akasimama kumsikiliza. Wamempa saa moja. Jumamosi ya tarehe kumi Mei, saa kumi jioni, yeye na wenzake wachague nyimbo, yeye azungumze. Mwanangu redioni.

Nimemwambia fundi viatu wa jirani. Nimemwambia muuza dawa. Nimewaambia wateja watatu, na mmoja ambaye si mteja, alikuja kujikinga mvua tu. Nimewaambia wimbo wa binti yangu wa sehemu sita utasikika nchi nzima. Fundi viatu akasema, "Mama Fundi, nchi nzima? Kituo kile hata hapa kinakwaruza." Wivu.

Jumamosi, 29 Machi

Leo wamepiga hesabu. Wa binti yangu dakika ishirini na tatu. Wa Daktari wa meno kumi na mbili. Wa Mwokaji thelathini na moja. Jumla sitini na sita, na saa ina sitini, na hapo hakuna aliyefungua mdomo kusema habari za jioni.

"Si kuna mfupi kwenye hiyo arobaini yako?" binti yangu akamuuliza Mwokaji.

"Upo wa dakika kumi na nne. Siku hiyo walikuwa wamechoka. Wewe huna mfupi?"

"Sehemu sita ni sehemu sita."

Nikasema kitu ambacho fundi nguo yeyote angesema. Nguo ikizidi unapunguza. Kunja pindo kidogo kila mahali, dakika mbili hapa, dakika nne pale, nani atajua? Wote watatu waligeuka kunitazama kama nimesema tumkate mtoto miguu ili aenee kitandani. Daktari wa meno akanionyesha kwa kidole zile sheria za ukutani, kwa heshima lakini. Nikaosha vikombe.

Jumamosi, 5 Aprili

Wamegombana kweli. Kwanza ilikuwa mizaha. Wimbo wa Daktari unaenea na wowote, kwa hiyo yeye yuko salama, na shida ni kati ya hawa wawili. Mwokaji alisema wimbo wa progresivu ni mtihani, unausikiliza ili upate alama. Binti yangu akasema kujamu ni uvivu, watu hawakufanya mazoezi wakakiita uhuru. Mwokaji akasimama. "Mimi mvivu? Mimi naamka saa kumi alfajiri kila siku ya Mungu." Akatoka bila mwavuli.

Jumamosi, 12 Aprili

Alikuja Daktari wa meno peke yake. Tulisikiliza wimbo wake mara mbili kwa adabu. Akanitazama jino la nyuma kwa tochi ya simu, akasema liko vizuri.

Jumamosi, 19 Aprili

Wote wamerudi, wamekaa mbalimbali kama mataa ya barabarani. Binti yangu ndiye aliyetoa wazo. "Mama amesikia nyimbo zote miezi miwili. Hana upande. Asikilize zote mbili Jumamosi ijayo, achague mmoja."

Daktari wa meno akakohoa. "Hana upande? Amekuzaa."

"Mama hasemi uongo kwenye kazi," Mwokaji akasema. "Nguo ikiwa haikukai anakuambia hata kama umeshalipa. Mimi nakubali."

Binti yangu akanikonyeza.

Jumatano, 23 Aprili

Nimemuuliza fundi viatu, bila kutaja majina, mtu afanyeje akiwa mwamuzi na mtoto wake ni mshindani. Akasema, "Anachagua wa mtoto wake, anakwenda kupika." Hakuinua hata kichwa kwenye kiatu.

Nimeirudisha flashi kwa mwenyewe ili isinishawishi. Nikashona bila muziki, mshono ukaenda upande.

Jumamosi, 26 Aprili

Mwandiko leo si wa kuonyesha mtu.

Walikuja saa tisa kamili. Binti yangu aliipangusa santuri yake kwa kile kitambaa laini, akaniwekea kiti katikati ya spika mbili. "Kaa hapa, Mama. Hapa ndipo panapofaa." Alikuwa ameshaanza kuandika orodha ya redio kwenye karatasi. Wimbo wa Daktari namba moja. Namba mbili ni wake, na jina lake alikuwa ameshalipigia mstari.

Wake ulipigwa kwanza. Ni kitu kikubwa, nisiseme vingine. Kuna mahali kinanda kinapanda peke yake, kama mtu anayepanda ngazi na taa mkononi. Nilijivuna kana kwamba yeye ndiye aliyeutunga. Lakini mikono nilikuwa nimeipakata. Niliketi wima kama mgeni kwenye ile nyumba ya tajiri, nikiogopa kuvunja glasi. Sehemu ya tatu ilipofika nilihesabu saba, saba, saba, na nilipokuwa nahesabu sikuwa nasikia.

Kisha wa Mwokaji. Dakika kumi za kwanza hakuna la ajabu. Halafu gitaa likatoka nje, ngoma zikalifuata, na besi ikabaki nyumbani peke yake. Sikutaka kuutazama mguu wangu. Ulikuwa unakanyaga sakafu mahali pasipo na cherehani. Kwenye dakika ya ishirini hivi wote wamepotea, na si kupotea kwa kuigiza, unasikia kabisa hawajui warudi kwa njia gani, mmoja wao anacheka. Na ile besi inasema neno lilelile moja iliyokuwa ikilisema muda wote, halafu mmoja anaingia, na mwingine, na mwingine. Nikajifuta macho na ncha ya futi ya kupimia, maana ndiyo iliyokuwa shingoni.

Wimbo ukaisha. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Haya, Mama," akasema Daktari wa meno.

Binti yangu alishika kalamu. Mwokaji alikuwa ameshaichomoa flashi yake na kuitia mfukoni. Akasema polepole, "Mama, sema tu wa Fundi. Mimi nimezoea."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anayesema nje kunanyesha. Na mimi nikaona darasa la nne. Siku hiyo yeye alikuwa wa kwanza, wangu wa pili, akaja mbio mpaka mlangoni kwangu na karatasi yake, anionyeshe mimi, maana kwao hakukuwa na wa kumwonyesha. Nikamwambia, "Umejitahidi. Mwenzako alikuwa na homa siku ya mtihani." Hakuwa na homa. Na alipofungua tanuri lake, watu wakasifu mkate, nikasema tanuri lilitengenezwa na mwanangu. Hilo lilikuwa kweli. Ilikuwa lazima niliseme siku ile? Miaka yote mtoto huyu amekaa kwenye kochi langu akinisikia nikimpima mwanangu kwa kumpunguza yeye, na bado ananiletea mkate.

"Wa Mwokaji," nikasema.

Binti yangu alicheka. Alidhani ni utani. Kisha akasema, "Mama, umeuzoea tu. Umeushonea sare themanini, unadhani sikusikia?"

"Nimeuzoea, na bado umenishtua. Wako ni mzuri, mwanangu. Ila kwenye wako nilikuwa mgeni."

"Hata siku moja hujawahi kuniambia nimeshindwa." Alisema kwa sauti ya chini sana. "Umesubiri redio."

Akaiweka santuri kwenye mfuko wake, akaitia chini ya koti. "Basi na azungumze mwenyewe." Akatoka.

Nilidhani Mwokaji atafurahi. Aliosha vikombe vyote, na hakuna aliyevunja sheria.

Jumatatu, 28 Aprili

Binti yangu amepita kuchukua bisibisi. "Shikamoo." Nikasema marahaba. Basi.

Jumatano, 30 Aprili

"Shikamoo."

Ijumaa, 2 Mei

Mwokaji amekuja akiwa amenuna. Redio walimpigia, wakamwambia awaeleze kidogo kuhusu wimbo wake. Akasema, "Ni mzuri," akakata simu kwa woga. Huyu huyu anayetukana sehemu sita bila kuvuta pumzi. Redio wamesema wanamtaka Fundi, na asipokuja kipindi hakuna.

Fundi viatu kaniuliza mlangoni, "Bado wiki moja, eh?" Nikasema ndiyo. Kwa mara ya kwanza sikuongeza kitu.

Jumapili, 4 Mei

Nimekwenda dukani kwake. Mvua imepungua, lakini bado kuna mabeseni matatu chini ya paa na kila moja lina sauti yake. Alikuwa ameinamia redio, hakuinuka.

Nikamwambia, "Sijaja kuomba radhi kwa nilichochagua. Nimekuja kuomba radhi kwa lingine. Nimekulea ukidhani hujawahi kushindwa. Umeshindwa mara nyingi tu, nilikuwa naficha."

Bila kugeuka akauliza, "Mara ngapi?"

"Darasa la nne hukuwa na homa. Mbio za magunia ulikuwa wa mwisho. Ile siku ya kwaya nilisema mwamuzi hasikii vizuri, alikuwa anasikia vizuri kabisa."

"Na redio ya baba?"

"Ilizimika kesho yake. Niliipeleka kwa fundi kwa siri."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikamsogelea, kumbe anacheka, akalazimika kukiweka chini kile chuma cha moto cha kuchomelea nyaya asijiunguze. "Mama, hadithi hiyo nimewasimulia redioni. Wamenipa kipindi kwa ajili yake."

"Hawakukupa kwa hiyo," nikasema. "Wamekupa kwa kuwa ukieleza kitu mtu anasimama. Na hilo sijalishona mimi."

Akafuta macho. Hakusema atakwenda. Hakusema hatakwenda.

Jumanne, 6 Mei

Amekuja na kiti, akaketi kando ya cherehani yangu na flashi ya Mwokaji mkononi. Alikwenda kuiomba mwenyewe. "Shona," akasema. "Nataka kuutazama mguu wako."

Nimeshona, ameutazama, dakika thelathini na moja mara tatu.

"Sijaupenda," akasema.

"Sijakuuliza."

"Dakika ya kumi na tisa ni upuuzi mtupu."

"Andika hivyo."

Akaandika. Kisha akaomba turudie dakika ya kumi na tisa.

Alhamisi, 8 Mei

Jua. Mwokaji na binti yangu wamekaa mlangoni wanabishana kama zamani, mate yanaruka. Kumi na mbili na thelathini na moja ni arobaini na tatu, zinabaki kumi na saba za kuongea. Mwokaji anasema hata waziri hahitaji kumi na saba.

Jumamosi, 10 Mei

Saa tisa na nusu chumba changu kilikuwa kimejaa. Fundi viatu, muuza dawa, wateja, mke wa Daktari wa meno na mwavuli wake ingawa mvua imekwisha. Wale watatu walikuwa kituoni. Niliwaambia watu kabla redio haijawashwa: ule wimbo wa sehemu sita niliowatangazia hautapigwa. Wakauliza kwa nini. Nikasema, "Subirini, atasema mwenyewe."

Ikawa yeye. Sauti ileile inayoniuliza chumvi iko wapi, imetoka kwenye spika alizozitengeneza. Akaweka wimbo wa Daktari, na fundi viatu akasema huyo anayepuliza ametoroka deni. Halafu binti yangu akasema: "Wimbo unaofuata sikuuchagua. Wangu ulishindwa nyumbani, mbele ya mama yangu, na ulishindwa kihalali." Akaeleza. Jamani, alieleza. Alisema kuna muziki unaokukaribisha uje kuona, na kuna muziki unaokuacha ufanye kazi yako mpaka ugundue umo ndani yake. Alisema msisikilize gitaa linakokwenda, sikilizeni nani amebaki nyumbani. Aliitaja dakika ya kumi na tisa, akasema wapigaji hao siku ile hawakujua kama watarudi, na rafiki yake ndiye aliyemfundisha kwamba huko ndiko kuzuri. Alimtaja Mwokaji kwamba anaoka mkate ambao hata bila tanuri lake zuri ungekuwa mkate.

Fundi viatu akanigeukia. "Huyu anayesema ameshindwa ndiye wako?"

"Ndiye," nikasema. "Aliyeshindwa ni wangu."

Wimbo ukaanza. Mpaka dakika ya kumi watu walikuwa wanapiga soga. Kufika ya kumi na tano walikuwa wamenyamaza. Dakika ya ishirini muuza dawa alikuwa anagonga kidole kwenye meza yangu ya kukatia, na dakika ya ishirini na tano nikatazama chini nikaona viatu vyote vinakanyaga. Besi ikasema neno lake. Mmoja akaingia, mwingine akaingia, na wa mwisho alipokuwa anainua mguu kuvuka kizingiti, mtu wa redio akasema, "Na sasa taarifa ya habari."

Chumba kizima kililalamika. Wimbo ambao saa moja kabla hakuna aliyeujua.

Walirudi magharibi, nikawasikia tangu kwenye kona. Daktari wa meno ndiye aliyesimulia. Binti yangu alimfuata msoma habari hadi kwenye ngazi, karatasi zake mkononi, akimwambia airudishe dakika yake moja na nusu, kwamba katika nyumba yao wimbo haukatwi, kwamba hao watu walikuwa mlangoni na yeye amewafungia nje. "Na wimbo wenyewe," akasema Daktari, "hata haupendi."

"Nani kasema siupendi?" binti yangu akamjibu, na palepale akanitazama na kuangalia pembeni.

Mwokaji alikuwa amekaa kwenye kochi langu na unga wake, anacheka hadi machozi. "Kosa la msoma habari gani, Fundi? Ulikuwa na dakika kumi na saba. Umeusifu wimbo wangu dakika kumi na nane na nusu. Umeula mwisho wake kwa kuusifu. Nani amekufundisha kusifu kitu namna hiyo, huoni hata saa?"

Wote watatu wakanigeukia. Nikainama kutafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka.